Rafiki Anapoondoka Bila Kuaga



Mama mmoja wa Kisarawe ameuliza swali ambalo wengi wetu tumelibeba moyoni bila kulitamka. Rafiki yake wa miaka mingi alilala akiwa mzima, na alfajiri ikaletwa habari kwamba hayupo tena. Walilima pamoja, waliimba kwaya pamoja, walileleana watoto. Sasa anauliza: “Nitalia mpaka lini? Nyumbani naambiwa marehemu hakuwa ndugu yangu. Wenzangu kanisani wanasema mwenye imani halii. Je, nimepungukiwa imani?”

Mama mwenzangu, pole sana. Kilio chako si dhambi.

Tuseme mambo yalivyo. Msibani ndugu wana mahali pao: wanakaa mkekani, wanapewa mkono wa pole. Rafiki yuko nyuma ya nyumba akichota maji, akisonga ugali wa waombolezaji na kuosha masufuria. Hapa kwetu Mkristo na Mwislamu husaidiana katika msiba, nalo ni jambo la kumshukuru Mungu. Lakini matanga yakishaanuliwa, ndugu hubaki na ndugu, na rafiki hurudi kwake. Mihogo inamngoja shambani, watoto wanataka uji, wala hakuna anayebisha hodi kumwuliza ameamkaje.

Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara katika Ziwa Victoria, na watu zaidi ya 220 wakafa. Serikali ilitangaza siku 4 za maombolezo, bendera zikapepea nusu mlingoti. Siku zilipokwisha, bendera zilipandishwa tena. Lakini moyo wa mtu aliyempoteza mwenziwe hauna tarehe ya kupandishwa.

Je, Biblia inasema nini? Katika Yohana sura ya 11, Bwana Yesu alijua kabisa kwamba atamfufua Lazaro. Hata hivyo, alipofika na kuwaona watu wakilia, naye alilia. Martha na Mariamu, kila mmoja kwa wakati wake, walimwambia kwamba kama angekuwepo ndugu yao asingekufa. Hakuwakemea. Naye Paulo alipowaandikia Wathesalonike hakuwakataza kuhuzunika. Aliwakataza kuhuzunika kama watu wasio na tumaini. Kwa hiyo machozi na imani vinaweza kukaa katika jicho moja.

Nasi tunaokwenda kufariji, tuchunge ndimi zetu. Tusikimbilie kusema, “Mungu kampenda zaidi.” Marafiki wa Ayubu walifanya vema siku 7 za kwanza, walipoketi naye chini bila kusema neno. Walianza kuharibu walipofungua vinywa kueleza sababu. Kwa nini mama wa watoto wadogo amechukuliwa usiku mmoja? Sababu hiyo hatukupewa. Tumepewa ahadi ya ufufuo, na tumepewa kazi ya kufanya.

Kazi gani? Tumtazame Daudi. Yonathani, rafiki yake wa damu, alikufa vitani katika mlima Gilboa. Daudi alirarua nguo zake, akalia, akafunga mpaka jioni, akatunga maombolezo. Lakini hakuishia hapo. Baada ya kuwa mfalme aliuliza kama yuko mtu aliyesalia wa nyumba ile, amtendee mema kwa ajili ya Yonathani. Akaambiwa habari za Mefiboshethi, mwana wa Yonathani, kilema wa miguu yote miwili. Alimrudishia mashamba ya babu yake na kumketisha mezani pake siku zote. Hapo ndipo huzuni ya Daudi ilipozaa matunda: katika sahani ya mtoto wa rafiki yake.

Mama, rafiki yako ameacha watoto. Ukiwashonea wanao sare za shule, wakumbuke na wale. Siku ya kliniki ya yule mdogo, mwulize bibi yake kama yupo wa kumpeleka. Wasimulie mama yao alivyokuwa akicheka, na alivyowaombea. Usiwaambie kwamba amesafiri, maana watamngojea kila gari linalosimama barabarani. Fanya haya kwa kukubaliana na mumeo, na kwa heshima kwa ndugu wa marehemu, ili wema wako usigeuke ugomvi.

Na ikiwa wiki zinapita hulali, huli, wala huna nguvu ya kuinuka, usijifiche. Mwone mchungaji au mzee wa kanisa, na uende pia hospitali. Mungu huponya kwa njia nyingi.

Nanyi wengine, mwezi huu mtafuteni mwanamke mmoja aliyefiwa na rafiki. Msiende mikono mitupu, wala msiende na hotuba. Ketini naye, mtajeni marehemu kwa jina lake, kisha mwombe pamoja. Mungu wa faraja yote awe nanyi. Amina.