Vikundi vya jamii visiwe vya mwisho kulipwa na vya kwanza kuachwa



Nina dukuduku kuhusu namna fedha za wafadhili zinavyotufikia huku chini, na namna zinavyokatika.

Januari 20, 2025, Rais Donald Trump wa Marekani alisaini amri ya kusitisha misaada ya nje kwa siku 90. Machi serikali yake ikatangaza kufuta asilimia 83 ya miradi ya USAID, shirika lake la misaada, na Julai 1 shirika hilo likafungwa rasmi. Fedha ni zao, na uamuzi ni wao. Ninacholalamikia ni utaratibu tuliouzoea tangu PEPFAR, mpango wa Marekani wa kupambana na UKIMWI, uanze mwaka 2003. Fedha inatoka kwa serikali ya Marekani, inapitia shirika kubwa, kisha shirika dogo, ndipo kinafuata kikundi cha jamii kama chetu. Kila ngazi ina ofisi, magari na mishahara. Ikitufikia sisi, imebaki posho ya nauli na vocha ya simu.

USAID yenyewe iliahidi mwaka 2021 kwamba ifikapo 2025 robo ya fedha zake zingekwenda moja kwa moja kwa taasisi za wenyeji. Mwaka wa fedha 2023 ilikuwa haijafika hata asilimia 10.

Lakini kazi yenyewe nani anaifanya? Mkoa wetu wa Njombe, kwa utafiti wa 2022/23, una maambukizi ya VVU ya asilimia 12.7 kwa watu wa miaka 15 na kuendelea, wakati kiwango cha taifa ni asilimia 4.4. Mgonjwa asipofika kuchukua dawa, muuguzi hawezi kuacha foleni akamtafute. Anayekwenda ni mama wa kikundi, naye anaishi na VVU. Anapanda bodaboda, anamalizia kwa miguu hadi shambani. Akifika anasalimia, anainama kuchimba viazi pamoja na wenyeji, wala hataji kilichomleta mpaka apate faragha na mgonjwa wake. Kazi hiyo haifanywi na gari lenye nembo mlangoni.

Amri ilipotoka, shirika lililotusimamia lilitutumia ujumbe wa simu: simamisheni kazi zote. Rejesta zikakusanywa. Hapakuwa na kikao, na posho ya kazi tuliyokwishaifanya hatujaiona hadi leo. Wagonjwa walitupigia simu kuuliza kulikoni, tukakosa la kuwajibu. Tulipokwenda halmashauri tuliambiwa mradi haukuwa wao.

Wapo wanaotuambia mtegemea cha nduguye hufa maskini. Hatukuwa tumekaa tukisubiri kupewa. Tulikuwa kazini, tukiwahudumia Watanzania.

Serikali yetu isiseme haijui pa kuanzia. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kuvikopesha vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, kwa hiyo utaratibu wa kusajili kikundi, kukikagua na kukiingizia fedha benki upo. Januari 2024 ulizinduliwa pia mpango wa kuwa na wahudumu wa afya ngazi ya jamii 137,294 ndani ya miaka mitano. Wanaoishi na VVU, waliofanya kazi hii kwa miaka mingi, wapewe kipaumbele humo.

Naomba mambo matatu. Kwanza, mkataba wowote wa mfadhili na kikundi uwe na sahihi ya halmashauri, ili mfadhili akiondoka awepo wa kuulizwa. Pili, fedha ya kila mradi, na kiasi kinachobaki kila ngazi, vibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kata. Tatu, waliofanya kazi walipwe jasho lao.

Madiwani na wabunge wetu, bajeti inapitia mikononi mwenu. Tengeni fungu la vikundi hivi kwa fedha zetu wenyewe, hata likianza dogo. Mgonjwa wa Njombe hapaswi kukosa wa kumfuatilia kwa sababu ya sahihi iliyowekwa Washington.

Mwanakikundi,
Njombe