Gazeti la Chama Ndani ya Nyumba

Wazee wa Unguja na Pemba wanaokumbuka miaka ya baina ya 1957 na 1964, ambayo wenyewe huiita Zama za Siasa, aghalabu hawaanzi masimulizi yao kwa chaguzi wala kwa viti vya Baraza la Kutunga Sheria; huanza kwa mazishi. Husimulia jinsi maiti alivyotolewa nyumbani na jirani wa ukuta mmoja asitoke hata kushika jeneza, kwa kuwa marehemu alikuwa wa chama cha Hizbu naye ni wa chama cha Afro-Shirazi, au kinyume chake. Jinsi mke alivyorejeshwa kwao kwa sababu kaka zake wamekata kadi ya chama kingine. Jinsi mtu alivyolipita duka la mjomba wake lililo mlangoni pake, akaenda kununua mchele mbali kwa mtu wa chama chake.

Visiwa vyenyewe vilikuwa na watu wapatao 300,000 tu, karibu wote Waislamu, wenye lugha moja, waliooana kizazi baada ya kizazi hata katika ukoo mmoja huyu akajiita Mshirazi na yule Mwarabu, na wote wawili wakala sinia moja. Haifai basi kupita hapa bila ya kuuliza fitina ilipata wapi njia ya kufika hadi chumbani. Jawabu langu ni kwamba sehemu kubwa ya njia hiyo ilitengenezwa na magazeti ya vyama, nayo kazi hiyo hiyo yaendelea kufanywa leo na warithi wake.

Sitaki kuyadhulumu magazeti hayo. Mwongozi, lililoanza mwaka 1942 na kuongozwa na Ali Muhsin Barwani wa Hizbu, na Afrika Kwetu la Mtoro Rehani Kingo upande wa Afro-Shirazi, yaliandikwa na watu wenye elimu na ujasiri, wakati ambapo Mwingereza hakuwa mwepesi kusamehe kalamu. Mwaka 1954 viongozi wa Jumuiya ya Waarabu walishitakiwa na kutiwa hatiani kwa uchochezi kwa sababu ya yaliyochapwa katika gazeti lao la Al-Falaq. Kudai uhuru ilikuwa haki, na kutetea mkulima asiye na ardhi ilikuwa haki vilevile. Lakini kila uchaguzi ulipokaribia, mashindano ya hoja yaliacha nafasi kwa mashindano ya kutoleana nasaba. Huku msomaji akaambiwa kwamba watu wa bara ni wageni wasio na ustaarabu wala dini. Kule akakumbushwa utumwa wiki baada ya wiki, kana kwamba aliyewauza babu zake ni yule yule jirani aliyesali naye Alfajiri. Aliyefundishwa hivyo alirudi nyumbani na kipimo cha kuwapimia watu, na wa kwanza kupimwa walikuwa ndugu na mashemeji, kwa kuwa hao ndio aliokuwa akionana nao kila siku.

Na gazeti la siku zile halikusomwa na mtu peke yake. Nakala moja ilitosha mtaa mzima: ajuaye kusoma aliketi barazani akasoma kwa sauti, wengine wakasikiliza na kahawa mkononi, akisita penye neno kali ili watu wapate kulicheka. Baraza za zamani zilikusanya kila mtu aliyepita na salamu. Zilipogeuka kuwa baraza za chama, aliyekuwa na shaka alinyamaza, maana kuuliza tu kulikwisha hesabiwa kuwa ni usaliti, na mwenye rai nyingine akatafuta baraza nyingine. Hapo ndipo ndugu wawili waliolala nyumba moja walipoanza kuishi katika nchi mbili, kila mmoja akiwa na khabari zake na mashahidi wake, na asubuhi wakikutana kisimani hawana la kuzungumza ila hali ya mvua.

Sisemi kwamba magazeti ndiyo yaliyoshika mapanga mwezi wa Juni 1961, walipouawa watu 68 katika ghasia zilizoanza siku ya uchaguzi. Walikuwapo wakulima waliofukuzwa mashambani, ulikuwapo umasikini, na mwaka 1963 ikatokea hesabu ya uchaguzi iliyokipa chama cha Afro-Shirazi, kilichopata asilimia 54 ya kura, viti vichache kuliko wapinzani wake. Hizo ni sababu zenye uzito wake. Ninachosema ni kwamba ghadhabu ya ardhi na ya kura humwelekea mwenye shamba na mwenye serikali, wala haina njia ya kumfikia mke, ila akitokea mtu wa kuielekeza huko kila wiki. Jirani zetu wa Rwanda waliliona jambo hili katika sura yake mbaya kabisa. Mwezi wa Desemba 1990 gazeti la Kangura lilichapa amri kumi kwa Wahutu, na amri ya kwanza kabisa haikuhusu bunge wala jeshi: ilimwita msaliti Mhutu yeyote atakayemwoa mwanamke wa Kitutsi. Mhariri wake, Hassan Ngeze, alihukumiwa na mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha mwaka 2003, wakati ambapo nyumba nyingi za wana-ndoa hao zilikuwa zimekwisha kuwa makaburi.

Vyama vingi viliporejea, mambo ya zamani yakarejea kwetu. Baada ya uchaguzi wa 1995 watu walisusiana tena harusi na mazishi, hasa Pemba, na mbao za maskani, yaani vijiwe vya chama, ya Kisonge kule Michenzani, Unguja, ikijulikana kuliko zote, zikawa magazeti ya chaki ya kuwakejeli wenzao. Maridhiano ya 2009 na kura ya maoni ya Julai 2010, ambapo karibu theluthi mbili ya wapiga kura walikubali serikali ya pamoja, yaliwarudisha wengi kwenye kuzikana. Jambo hilo lanipa matumaini makubwa, kwani ladhihirisha kwamba uadui huu haukuumbwa nasi.

Leo baraza imehamia katika simu. Nimelishuhudia kundi la ukoo mmoja lililofunguliwa kwa ajili ya hitma ya bibi: orodha ya michango ikipanda vizuri, baba mdogo 20,000, shangazi wa Tanga 10,000 na sukari kilo tano, mara kijana mmoja akatia kipande cha televisheni ya mtandaoni cha mtu akiwatukana wapinzani. Shemeji akajibu kwa kipande cha upande wake. Kufika magharibi orodha ilikuwa imekatika katikati, watu wazima wawili wamejitoa, na bibi yule akasomewa hitma katika nyumba mbili, kila moja na pilau yake. Hakuna hata mmoja aliyeandika neno lake mwenyewe. Wote walitumiana maneno ya watu wasiowajua. Wenye WhatsApp nao waliona hatari, wakapunguza mwaka 2019 idadi ya mazungumzo ambayo ujumbe waweza kupelekwa kwa mara moja hadi matano, na mwaka 2020 ule uliokwisha sambazwa sana hadi moja. Hatua hizo ni za busara, lakini kampuni haiwezi kutulindia akraba zetu.

Kazi hiyo ni ya wakubwa wa ukoo, nami nawaomba waifanye waziwazi: kundi la familia libaki kwa mgonjwa, ada za watoto, harusi na msiba, na mwenye siasa azilete kwa kinywa chake, ana kwa ana, mahali anapoweza kuulizwa na kujibu. Wahariri wenzangu nawaomba wasichape kamwe neno juu ya kabila au asili ya mpinzani ambalo wasingethubutu kumwambia mkwe wao aliyetoka upande huo. Na wewe msomaji, ikiwa yuko ndugu ambaye hamjasalimiana tangu uchaguzi uliopita, mpigie simu leo, umwulize hali ya watoto, na siasa usiitaje.