Seva kuukuu ni deni, si akiba

Msafirishaji wa ndizi wa Rungwe hapakii mzigo kwenye gari lenye matairi yaliyokwisha, hata kama jana lilifika Uyole salama. Lakini hesabu za mzigo huohuo, pamoja na akiba na mikopo ya wanachama, huweza kuachwa miaka mingi ndani ya seva isiyohudumiwa na mtu. Kisingizio ni kimoja: bado inafanya kazi.

Hoja hiyo haina uzito kibiashara. Chukua mfano wa CentOS 7, mfumo wa Linux uliotolewa bure mwaka 2014 na kupendwa kwa kuwa hauna ada ya leseni. Huduma yake ilikoma Juni 30, 2024. Tangu siku hiyo, tundu jipya la usalama likigunduliwa hubaki wazi, isipokuwa kwa anayelipia huduma ya ziada.

Wanaosita wanataja gharama, na hawakosei. CentOS 7 ilikuja na PHP 5.4, wakati AlmaLinux 9 na Rocky Linux 9 zilianza na PHP 8.0. Programu ya hesabu iliyoandikwa zamani inaweza kugoma, na fundi lazima alipwe. Hata hivyo, gharama hiyo hupangwa kwenye bajeti. Daftari la wanachama likiibwa au kupotea, hasara yake haipangiki. Aidha, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamtaka anayetunza taarifa za watu azilinde.

Kosa kubwa ni kubadili mfumo juu ya mashine ileile inayohudumia wateja. Kwanza nakala ya hesabu zote itolewe na kuhifadhiwa nje ya ofisi. Mfumo mpya uwekwe kwenye mashine nyingine, nakala irejeshwe humo, kisha mizania mbili zilinganishwe hadi senti ya mwisho. Zikilingana ndipo seva ya zamani ipumzishwe, wala isifutwe kabla ya hesabu za mwezi kufungwa.

Katika kuchagua, bure isiwe kigezo pekee. CentOS 8 ilitarajiwa kudumu hadi 2029, lakini Desemba 2020 ikatangazwa kwamba itakoma mwisho wa 2021. Waliowahi kuhamia huko walilazimika kuhama tena. Kinachonunuliwa hapa ni tarehe: AlmaLinux 9 na Rocky Linux 9 zimeahidiwa huduma hadi 2032.

Mwenye hisa chache katika chama cha akiba naye ana sauti. Katika mkutano mkuu aulize mambo matatu: seva yetu inatumia mfumo gani, huduma yake inakoma lini, na nakala ya hesabu ilijaribiwa kurejeshwa lini kwa mara ya mwisho? Uongozi usio na majibu umekalia fedha za watu bila kufuli.

Mvua za Tukuyu hazimsubiri mtu. Mwenye nyumba hukagua bati wakati wa kiangazi, si usiku ambao maji yameshafika kitandani.