Fundi hayuko ku muteremuko: mwenye pikipiki ajifunze kuiangalia nyumbani



Kuna maneno yanayozunguka ku soko na ku parkingi ya pikipiki. Wanasema: "Pikipiki ni kazi ya fundi. Asiye fundi asiiguse." Wengine wanaongeza kwamba vijana wakimbizi wanaofungua pikipiki chini ya miti ya maembe wakatazwe, kwa sababu wanaharibu vyombo vya watu. Nilisikia maneno hayo mara nyingi na nilinyamaza. Leo ninajibu: hapa kwetu, mutu mwenye pikipiki asiyejua kuiangalia yeye mwenyewe nyumbani kila juma ni hatari kwa yule anayeketi nyuma yake.

Sisemi hivyo ili kuhukumu wengine. Ninaanza na kosa langu mimi.

Kiangazi kimoja nilikuwa ninarudi Kasongo kwa barabara ya Wamaza, na pikipiki yangu. Nilitoka kuzungumuza na familia zilizokimbia mapigano upande wa Salamabila. Mama mumoja alinisimamisha, mutoto ku mugongo, homa inamuwaka. Kituo cha afya kilimupa karatasi ya kwenda hospitali. Nilimupandisha.

Sheni ya pikipiki yangu ilikuwa imelegea tangu juma tatu. Niliisikia ikipiga-piga ku kifuniko chake, na kila siku nilisema: nikipata pesa nitaipeleka kwa fundi. Ku muteremuko mumoja sheni ikatoka ku meno, ikakwama, na gurudumu la nyuma likakamatwa palepale. Tukaanguka ku muchanga. Mungu alitusaidia, hakuna aliyevunjika. Lakini sikuwa na ufunguo hata mumoja. Nilisukuma pikipiki, mama akitembea nyuma yangu na mutoto wake, mupaka jua likashuka, mupaka motari mwingine akatupata. Mutoto alifika hospitali usiku, na alipona. Lakini maneno ya yule mama hayajatoka katika masikio yangu: "Baba, kama ulijua kwamba iko mubaya, sababu gani ulinipandisha?"

Sikuwa na jibu. Kukaza sheni ni kazi ya robo saa. Hakuna piesi ya kununua. Inaomba funguo mbili na macho. Nilikuwa ninangoja pesa ya fundi kwa kazi ambayo haiombi pesa.

Wanaosema "ungoje fundi" wanaongea kama vile tunaishi Kinshasa ao Lubumbashi. Barabara ya kitaifa namba 2, ile ya kutoka Mbuji-Mayi mupaka Bukavu, inapita hapa Kasongo. Jina lake ni kubwa, lakini sisi wenye kuitembea tunajua hali yake. Gari ni chache. Pikipiki ndiyo taksi, ndiyo ambulansi, ndiyo kamyo: inabeba mugonjwa, inabeba chumvi na sabuni, inabeba godoro na sufuria za familia inayokimbia. Kati ya kijiji na kijiji unaweza kutembea muda murefu bila kuona garaji hata moja. Freni ikikosa, fundi hayuko ku muteremuko. Pale ni wewe, na mutu aliye nyuma yako.

Na sisi watu wa Kasongo tulipaswa kuwa wa kwanza kuelewa jambo hili. Wazee wanakumbuka kazi ya afya iliyofanywa hapa tangu miaka ya 1970 pamoja na wanganga wa chuo cha magonjwa ya inchi za joto cha Anvers, Ubelgiji. Inajulikana mupaka ng'ambo kwa jina la muji wetu: Projet Kasongo. Wazo lake lilikuwa hili: magonjwa mengi yatunzwe karibu na watu, ku kituo cha afya, na muuguzi aliyefundishwa vizuri na mwenye maagizo ya wazi, na ugonjwa wenye kupita nguvu za kituo utumwe hospitali. Muuguzi hakumunyang'anya munganga kazi. Alimuachia nafasi ya kufanya kazi ya munganga.

Basi tufanye vile kwa pikipiki. Lupango iwe kituo cha afya, garaji iwe hospitali.

Kazi za lupango ni hizi. Ya kwanza, mafuta ya moteri. Pikipiki nyingi za 125 zinabeba karibu litra moja tu. Litra moja ikipunguka nusu, na wewe unapanda mulima na watu wawili na gunia, moteri inajichoma. Kuangalia kiasi cha mafuta ni kazi ya dakika moja, asubuhi, pikipiki ikisimama sawasawa.

Ya pili, sheni. Ushike katikati yake, upande wa chini, uisukume juu na chini: icheze karibu sentimeta 2 mupaka 3, ao kama kitabu cha pikipiki yako kinavyosema. Ikipita pale, legeza gurudumu la nyuma, uvute pande mbili kiasi kilekile, ufunge nguvu. Na hapa wengi wanasahau: ukivuta gurudumu nyuma, freni ya nyuma nayo inabadilika. Uiangalie tena mbele ya kuondoka.

Ya tatu, filtiri ya hewa. Katika kiangazi vumbi letu jekundu linaingia kila mahali. Filtiri ya eponji inaoshwa na maji na sabuni, inakauka kabisa, inatiwa mafuta kidogo. Ile ya karatasi haioshwi. Inakung'utwa polepole, na ikichoka inabadilishwa. Ya ine, buji: ukiitoa na kuikuta nyeusi kama masizi, moteri haipumui vizuri ao inakunywa esansi nyingi; ikiwa nyeupe sana, inawaka moto kupita kiasi. Ya tano, mipira na buloni zote: kidole na ufunguo vinatosha kujua. Ya sita, freni: uzikanyage na kuzivuta mbele ya kila safari, pikipiki ikitembea polepole.

Kazi za garaji ni zile nyingine: kufungua moteri, vali, rulma, ambriyaji, kunyoosha gurudumu, na kubadilisha patini za freni kama hakuna aliyekufundisha. Hapo usijaribu kujifunzia ku maisha ya watu.

Ninajua majibu yatakayokuja, na ninayaheshimu.

Wa kwanza atasema: "Watu wataharibu." Ni kweli, wataharibu. Niliona kijana aliyefunga buloni ya kumwangia mafuta kwa nguvu zake zote, akiongeza bomba ku ufunguo, mupaka meno ya aluminiyumu yakakatika. Mafuta yalimwangika yote mu njia, na moteri ikafa. Lakini kosa lile ni la kufanya bila kufundishwa, si la kufanya nyumbani. Kaa karibu na fundi mara mbili, angalia mikono yake, uliza, kisha ufanye yeye akikuangalia. Na garaji nayo inakosea. Siku moja nililipa vidanji kwa fundi ambaye sitamutaja. Nilipofika nyumbani nikavuta kijiti cha kupimia, nikakuta mafuta meusi yaleyale ya jana. Anayejua kupima hadanganywi. Asiyejua analipa mara mbili, na hajui hata kwamba alilipa.

Wa pili atasema: "Munaua chakula cha mafundi." Hapana. Pikipiki yenye kuangaliwa inaishi miaka, na itarudi kwa fundi mara nyingi na mwenye pesa ya kulipa. Ile yenye kuachwa inafika siku moja tu, imekufa, na mwenye nayo hana kitu. Mafundi wetu, ombeni pesa kidogo mufundishe vijana siku ya posho mchana. Hiyo nayo ni kazi. Na kuhusu wakimbizi: kati yao kuna waliokuwa mafundi kule walikotoka. Vita iliwanyang'anya sanduku la funguo, haikuwanyang'anya akili. Kama una mashaka, mupime kijana kwa kazi ya mikono yake. Usimupime kwa kijiji alikotoka.

Jibu la tatu ndilo zito kuliko yote, na halisemwi kwa sauti. Pikipiki nyingi si za wale wanaoziendesha. Motari analeta pesa kila jioni kwa mwenye pikipiki. Mwenye pikipiki anahesabu pesa, anaingia ndani, haangalii hata mupira. Motari naye anasema: "Ninunue mafuta ya pikipiki ya mutu, sababu gani?" Kila mumoja anamungoja mwenzake, na anayeanguka ni mama aliye nyuma. Ninyi wenye pikipiki, ninawaambia wazi: achieni motari pesa ya siku moja kila mwezi, iwe ya mafuta, sheni na patini. Na asubuhi, mbele ya kutoka ku lupango, muiangalie pamoja, wawili. Kama hamuwezi hivyo, basi hamuko na taksi. Muko na mutego.

Sasa ninageukia ninyi mutakaofanya kazi nyumbani, kwa sababu sitaki mutu aseme kwamba niliwatuma kuchoma nyumba. Esansi haiwekwi mu nyumba ya kulala, zaidi sana nyumba ya majani, ambamo watu wanane ao kumi wanalala na mushumaa ao taa ya petroli inawaka. Usifungue karbirateri usiku na taa ya moto karibu. Esansi ya chupa isiwekwe karibu na chupa ya maji: mutoto mwenye kiu hasomi. Usioshe mikono na esansi, tumia sabuni na muchanga laini.

Na mafuta machafu ya vidanji! Wengine wanayamwanga palepale, ku mutelemuko wa chemchemi ambamo familia zote za mutaa, wenyeji na wakimbizi, zinateka maji. Litra moja ya mafuta yale inaharibu maji mengi sana, na yana ndani yake unga wa vyuma. Yatie mu bidoni yenye kifuniko, yawe mbali na watoto, uyapeleke ku garaji inayokusanya bidoni kama hizo, ao uyatumie kupaka ku vyuma vyenye kutu. Yasipakwe ku kidonda cha mutu wala cha munyama.

Ndugu zangu, sikutaka kuandika juu ya buloni na sheni. Kuna habari nyingine nyingi za kuandika, na munazijua. Lakini kila ninapoona pikipiki inatoka ku parkingi na mama mwenye mimba juu yake, sheni inapiga-piga, ninarudi ku ule muchanga wa barabara ya Wamaza.

Kwa hiyo, mama, wewe unayepanda, ni haki yako kuuliza mbele ya kutoa pesa: "Nionyeshe freni. Nionyeshe sheni." Akikasirika, ngoja mwingine. Na wewe motari, usingoje mupaka akuulize nilivyoulizwa mimi, wakati sheni iko chini na jua linashuka. Kesho asubuhi, mbele ya chai, chuchumaa karibu na pikipiki yako, ushike sheni na mukono wako, uione.

Ni mimi, muandikaji wenu wa Kasongo.