Pumzi inakata? Punguza mbio!

Vijana wa Chunya wana nguvu bwana! Mtu anashinda na sururu duarani, lakini mwambie apande kilima kidogo tu, anahema utafikiri kafukuzwa. Akiamua kufanya mazoezi, siku ya kwanza anatimua mbio, ya pili miguu inauma, ya tatu kaacha.

Anza na kutembea haraka. Kipimo ni hiki: uweze kuongea, ila kuimba ushindwe. Dakika 30 kwa siku 5 zinatimiza zile 150 za wiki zinazoshauriwa na Shirika la Afya Duniani. Vuta hewa mpaka tumbo liinuke, siyo mabega, kisha itoe taratibu. Ukizoea, kimbia dakika 1, tembea 2.

Filbert Bayi alipovunja rekodi ya dunia ya mita 1500 kule Christchurch mwaka 1974, aliongoza tangu mwanzo. Usimuige! Mwenzio alishajenga pumzi.

Ila wewe wa machimboni, vumbi la mawe halitoki kifuani kwa mazoezi. Ukikohoa wiki 2, wahi hospitali ukapimwe. Haya, tukutane wiki ijayo.