Launji ya Uwanja wa Ndege Si Cheo

Launji ya uwanja wa ndege ni ukumbi wa kusubiria uliotengwa na ule wa jumla. Ndani yake abiria hupata kiti cha kukaa kwa raha, chakula na vinywaji vya kujihudumia, intaneti, sehemu ya kuchajia simu na, katika kumbi zilizo bora, bafu. Kuingia humo ni huduma yenye bei, muda na masharti, na anayeuza hahitaji kujua mteja wake ni mtoto wa nani. Hata hivyo, imani iliyoenea Tanzania nzima, na Singida haijasalimika, ni kwamba launji ni mahali pa wakubwa. Imani hiyo hukosea pande mbili. Asiye na cheo haulizi chochote, hulala kwenye marumaru na begi chini ya kichwa hata pale anapostahili kitanda cha bure. Aliyepata fedha hukimbilia kuinunua ili naye aonekane, hata kwa safari ambayo launji haimfai kabisa.

Imani hii haikuanzia kwenye ndege. Reli ya Kati, iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914 baada ya kukatiza Manyoni na Itigi, ilibeba watu kwa madaraja, na wakati wa ukoloni madaraja hayo yalifuata rangi ya ngozi: Mzungu daraja la kwanza, Mhindi la pili, Mwafrika la tatu. Nani angoje wapi lilikuwa jambo lililokwisha kuamuliwa kabla msafiri hajafika stesheni. Baada ya uhuru rangi iliondoka, lakini viwanja vya ndege vikabaki na chumba cha VIP ambamo viongozi hupokelewa na kuagwa, na ambacho kamera za televisheni zimelizoesha taifa zima kukiona. Watu wengi wamekiona chumba hicho tu, basi wakadhani kila ukumbi wenye mlango na mhudumu ni ndugu yake. Hata Marekani mambo yalianza hivyo. Admirals Club ya shirika la American Airlines, iliyofunguliwa mwaka 1939 katika uwanja wa LaGuardia, New York, ilikuwa ya waalikwa tu. Biashara ndiyo iliyouvunja ualikwa huo, kwa kuwa kiti kilicho wazi hakimwingizii mwenye nacho hata senti.

Leo kuna njia kadhaa za kuingia. Ya kwanza ni tiketi ya daraja la biashara au la kwanza. Ya pili ni ngazi ya juu katika mpango wa shirika wa kuwatuza wasafiri wa mara kwa mara: mwenye ngazi ya dhahabu ya Star Alliance, umoja wenye Ethiopian na Turkish, huingia launji hata akiwa amekata tiketi ya daraja la kawaida. Kenya Airways na KLM ziko SkyTeam, Qatar Airways iko Oneworld, na kila umoja una sheria zake. Ya tatu ni kadi ya benki. Benki kadhaa za Tanzania hutoa kadi za Visa na Mastercard za ngazi ya juu zenye haki ya launji, na si ajabu kumkuta mtumishi wa umma au mfanyabiashara wa alizeti wa Singida mjini anayelipia ada ya kadi ya namna hiyo kila mwaka bila kujua kilichomo. Ya nne ni uanachama wa mipango kama Priority Pass, iliyoanzishwa mwaka 1992. Ya tano ndiyo nyepesi kuliko zote na ndiyo isiyosemwa: kufika mlangoni, kuuliza bei na kulipa. Ukumbi wa Oryx ulioko uwanja wa Hamad, Doha, zile za Marhaba kule Dubai na ule wa IGA kule Istanbul huuzia abiria wa tiketi yoyote. Anayelipa haulizwi kazi yake.

Kwa msafiri wa Singida, kungoja kwenyewe huanza mapema, na hapo ndipo imani ya launji inapoumbuka kwanza. Safari yake ya ng'ambo huanza barabarani. Anaweza kupanda basi kupitia Katesh na Babati kwenda uwanja wa Kilimanjaro, uliofunguliwa mwaka 1971 na unaotumiwa na KLM, Ethiopian, Qatar na Turkish. Anaweza kwenda moja kwa moja Dar es Salaam kwa basi. Au, kama wengi wanavyofanya tangu treni ya reli ya kisasa, SGR, ianze kufika Dodoma mwaka 2024, huteremka kwa basi kupitia Ikungi na Manyoni, karibu kilomita 240, kisha hupanda treni. Akiogopa kuchelewa hufika Dar asubuhi kwa ndege itakayoruka usiku. Huo ni mkao wa saa 10 au zaidi, na hakuna launji itakayomsaidia, kwa sababu rahisi: launji za abiria wa kimataifa kwa kawaida ziko ndani, baada ya kaunta za mizigo, uhamiaji na ukaguzi. Kaunta nyingi hufunguliwa kama saa 3 au 4 kabla ya ndege kuondoka. Jengo la tatu la uwanja wa Julius Nyerere, lililozinduliwa mwaka 2019 na kujengwa kwa ajili ya abiria milioni 6 kwa mwaka, ni zuri kulitazama, ila aliyeko nje na mabegi mawili na ndoo ya asali ya Itigi anahitaji gesti. Kipawa, Karakata na Ukonga zina gesti za kutosha, nazo zina kitanda, feni na bomba la maji. Launji ingempa kiti.

Hilo la kiti lina uzito kuliko linavyodhaniwa. Kumbi nyingi zinazouzwa kwa kadi au kwa uanachama humruhusu mtu kukaa muda wa saa 3, au humpokea pale tu zinapobaki saa 3 kabla ya ndege yake. Nyingine huuza vipindi virefu zaidi kwa bei kubwa zaidi. Masharti ya mipango hiyo husema pia kwamba ukumbi ukijaa, mwenye kadi anaweza kurudishwa mlangoni, na viwanja vya kuunganishia ndege hujaa usiku wa manane, saa zilezile ambazo Mwafrika Mashariki yumo safarini. Picha ya matangazo huonyesha kiti kimoja, dirisha kubwa na glasi ya juisi. Saa nane usiku ukumbi wa kulipia huwa na watoto wanaolia, foleni ya bafu, sahani zilizoachwa mezani, na viti vyenye mikono ya chuma au mbao inayomzuia mtu kujinyoosha. Supu ipo. Usingizi haupo. Mtu aliyelipa akakaa saa 3, kisha akatolewa zikiwa zimebaki saa 7, amenunua chakula cha jioni ghali na kikao kifupi.

Kwa mkao mrefu kweli, swali la kwanza linapaswa kwenda kwa shirika la ndege. Ethiopian, kwa utaratibu wake uliozoeleka, humpa abiria hoteli mjini Addis Ababa pamoja na chakula na usafiri ikiwa anangoja kati ya saa 8 na 24 na hakukuwa na ndege ya mapema zaidi ya kumwunganisha. Emirates ina mpango wa aina hiyo uitwao Dubai Connect, na Turkish ina wake Istanbul, pamoja na matembezi ya bure ya jiji kwa wanaongoja muda mrefu. Kila mpango una masharti: aina ya tiketi, urefu wa kungoja, na mara nyingine kuomba kabla ya siku ya safari. Haki hizi hazitangazwi kwa kipaza sauti ukumbini. Hupatikana kwenye dawati la abiria wa tranziti, kwa anayeonyesha tiketi na kuuliza. Aliyekwisha kuamini kwamba mapumziko ni ya wakubwa hulipita dawati hilo akitafuta benchi, naye mara nyingi ndiye anayelihitaji zaidi: mwanafunzi anayekwenda India au Uturuki, binti anayekwenda kazi za ndani Oman, mfanyabiashara wa Iramba anayefuata mashine za kukamulia alizeti Guangzhou.

Sharti moja huwaponyoka wengi. Hoteli hizi hutolewa kwa safari iliyokatwa kwa tiketi moja. Wakala anayemshonea mteja tiketi mbili za mashirika mawili ili kuokoa fedha kidogo humpokonya mambo matatu kwa mkupuo: hoteli, mzigo kupelekwa hadi mwisho wa safari, na ulinzi wa kuhamishiwa ndege nyingine pale ya kwanza inapochelewa. Kuokoa shilingi laki moja kwa namna hiyo kunaweza kumgharimu mtu usiku mzima na tiketi mpya.

Kutoka nje ya uwanja nako kuna hesabu yake. Mtanzania mwenye pasipoti huingia Kenya bila viza, hivyo kungoja siku nzima Nairobi si lazima kuwe kwa kukaa ndani ya uwanja wa Jomo Kenyatta. Lakini Kenya na Ethiopia zimo katika orodha ya nchi zenye hatari ya homa ya manjano, na Tanzania humtaka anayetoka nchi hizo, au aliyekaa tranziti humo zaidi ya saa 12, awe na kadi ya chanjo. Kadi hiyo ya njano ina faida kubwa zaidi kwa msafiri wa mkao mrefu kuliko kadi yoyote ya launji, na chanjo yake hutosha maisha yote. Asiyetaka au asiyeweza kutoka ana hoteli zilizo ndani ya eneo la tranziti lenyewe, ambako viza haihitajiki: Hamad, Dubai, Istanbul na Bole ya Addis Ababa zote zinazo, baadhi zikiuza vyumba kwa saa. Hamad ina pia vyumba vya utulivu vya bure, vya wanaume mbali na vya wanawake, vyenye viti vya kujilaza. Ni vigumu kuelewa kwa nini mtu alipie kiti cha kukaa wima hatua chache kutoka kiti cha bure cha kulalia, ila kwa kuwa kile cha kulipia kina mhudumu mlangoni.

Hesabu ya fedha ndiyo inayoimaliza kabisa imani ya cheo. Kwa bei ambazo Priority Pass imezitangaza Marekani kwa miaka kadhaa, uanachama wa chini ni dola 99 kwa mwaka na dola 35 kwa kila kuingia. Anayesafiri mara moja kwa mwaka na kuingia launji wakati wa kwenda na wa kurudi atatoa dola 169, yaani zaidi ya dola 84 kwa kila kiti. Ngazi ya kati ni dola 329 kwa kuingia mara 10, na akiingia mara 4 tu bado kila mara inamgharimu dola 82. Hizo dola 35 zenyewe ni zaidi ya shilingi 80,000, ilhali nauli ya kawaida ya SGR kati ya Dodoma na Dar es Salaam iliyotangazwa mwaka 2024 ilikuwa shilingi 31,000. Uanachama huu ni wa mtu anayeruka kila mwezi. Kwa wengine wote mambo mawili yanatosha: kusoma masharti ya kadi ya benki ambayo tayari wanailipia, ikiwamo idadi ya kuingia bure na kiasi kitakachokatwa kwa wenzi wao, au kulipa mlangoni siku inapobidi.

Kuna siku inapobidi kweli. Kungoja kwa saa 3 hadi 5, ambako hakuna hoteli ya shirika wala muda wa kwenda mjini, ndiko launji ilikobuniwa kwa ajili yake. Mama mwenye mtoto mchanga, mgonjwa anayekwenda kutibiwa India, mtu mwenye kazi ya kutuma kabla hajapanda ndege nyingine, au aliyesafiri usiku kucha na anahitaji kuoga: hawa wanapata thamani ya fedha yao. Wa kuchagua aangalie kwanza jengo, kwa sababu launji nzuri iliyo katika jengo lisilo la ndege yake ni sawa na haipo. Kisha aulize kama kuna bafu na kama linalipiwa kando, muda unaoruhusiwa unahesabiwa kuanzia lini, na kama nyama ni halali, jambo lisilo na shaka Doha lakini la kuuliza Ulaya. Chakula cha mgahawani uwanjani kinaweza kukaribia bei ya launji yenyewe, kwa hiyo mwenye njaa na haja ya kuoga kwa pamoja huenda akatoka na faida. Mwenye usingizi tu hatoki nayo.

Baada ya kutua nyumbani hakuna launji ya kujadili, kwani kumbi za abiria wanaowasili ni chache duniani. Anayetua Dar es Salaam usiku akielekea Singida ana njia mbili za kuchagua. Mabasi ya usiku yaliruhusiwa tena mwaka 2023, hivyo anaweza kufika kituo cha Magufuli, Mbezi Luis, na kuendelea na safari bila kulala. Akitaka treni, hulala gesti ileile ya Kipawa, huamka mapema kwenda stesheni, na akishuka Dodoma hutafuta basi la Manyoni na Singida kabla jua halijawa kali.