Yasemwayo Kuhusu Wakimbiaji Wetu Vyuoni Marekani

Kijana wa Uasin Gishu au Elgeyo Marakwet hapa Kenya akipata skolashipu ya kukimbia Marekani, watu huchanga nauli, wazee humwombea, na ndege ikishaondoka maneno huanza. Ametoboa. Atakula bure, atakimbia kidogo, atatuma dola. Nimeyasikia maneno hayo kwenye matatu, kwenye hafla za shukrani, hata vinywani mwa walimu. Yanawaumiza vijana wetu, kwa sababu huko waliko wanafanya kazi ya watu wawili na hawajui waanzie wapi kuieleza nyumbani. Nitayajibu hapa, na sitaficha pale yanapogusa ukweli.

Dai linalorudiwa sana ni kwamba mazoezi yamewekewa kikomo cha saa 20 kwa wiki, basi kuna kazi gani hapo? Kikomo kipo. NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vya Marekani, kilikiweka mwaka 1991: saa 20 kwa wiki wakati wa msimu, zisizidi nne kwa siku, na siku moja ya kupumzika. Lakini tazama kisichohesabiwa. Safari haihesabiwi. Muda wa kukandwa misuli, kukaa kwenye maji ya barafu na kutibiwa jeraha hauhesabiwi. Mazoezi yanayoitwa ya hiari hayahesabiwi, na hakuna mkimbiaji anayetaka nafasi kikosini atakayethubutu kuyakosa. Siku ya mashindano huandikwa saa tatu tu, hata timu ikikaa uwanjani tangu asubuhi hadi usiku. NCAA yenyewe ilipowauliza wanafunzi, wale wa Daraja la Kwanza, ngazi ya juu ya mashindano ya vyuo, walisema michezo huwachukulia zaidi ya saa 30 kwa wiki. Hapo bado hujaweka masomo.

Tena mkimbiaji wa masafa marefu ana jambo ambalo wenzake wa michezo mingine hawana. Wao msimu ukiisha, kikomo hushuka hadi saa nane kwa wiki na mwili hupumua. Yeye hufungua mwaka na mbio za nyika, Septemba hadi fainali za Novemba. Zikiisha, mbio za ndani ya ukumbi zinamngoja, na fainali zake ni Machi. Kabla miguu haijapoa anatoka nje uwanjani, na fainali hizo ni Juni. Misimu mitatu, mtu mmoja, mwaka mmoja wa masomo.

Chukua wiki moja ya kawaida ya Aprili ya binti mkimbiaji. Simu inalia saa kumi na moja na nusu alfajiri, na saa kumi na mbili timu iko barabarani. Saa tatu binti yuko darasani, nywele mbichi, ndizi mkononi. Alasiri ananyanyua vyuma. Jioni anaingia chumba cha kujisomea, ambako timu nyingi huwataka wanafunzi wa mwaka wa kwanza wasaini saa walizokaa. Alhamisi basi linaondoka kwenda kwenye mashindano. Anafungua laptopu magotini, kwa sababu zoezi la kemia linafungwa saa sita kasoro dakika moja usiku, na intaneti ya basi inakatika kila wakivuka eneo lisilo na mji. Mbio za mita 10,000 mara nyingi hupangwa usiku, hewa ikishapoa. Anaweza kuanza kukimbia saa nne usiku, akamaliza, akanyoosha misuli, akatafuta chakula hotelini jikoni kukiwa kumeshafungwa, akalala saa saba. Jumatatu asubuhi ana mtihani. Huyo ndiye tunayesema anakimbia kidogo.

“Masomo yao wanapewa tu.” Dai hili lina mzizi, na ni haki kuuonyesha. Mwaka 2014 ripoti ya uchunguzi huru ilibainisha kwamba Chuo Kikuu cha North Carolina pale Chapel Hill kiliendesha kozi za jina tu kwa miaka 18. Waliopitia humo ni zaidi ya wanafunzi 3,100, karibu nusu yao wanamichezo. Ilikuwa aibu kubwa, na kwangu mimi walioibiwa kwanza ni wanafunzi wale wale, waliotoa jasho lao kwa chuo na kurudishiwa elimu hewa. Lakini kumpima kila mwanafunzi kwa kashfa hiyo ni dhuluma. Kanuni za Daraja la Kwanza zinamtaka mwanamichezo awe amekamilisha asilimia 40 ya mahitaji ya shahada yake mwisho wa mwaka wa pili, 60 mwisho wa mwaka wa tatu na 80 mwisho wa mwaka wa nne. Asipofikisha, hashindani. Lazima pia abebe mzigo kamili wa masomo, kwa kawaida yuniti 12 kwa muhula. Mmarekani aliyelemewa anaweza kuacha somo moja akahatarisha nafasi ya kushindana tu. Mkenya akishuka chini ya mzigo huo bila idhini, anahatarisha na viza yake.

Na wapo waliochagua njia ngumu. Sally Kipyego alitwaa mataji tisa ya NCAA akiwa Texas Tech, akasomea uuguzi, kisha akapata medali ya fedha ya mita 10,000 katika Olimpiki ya London 2012. Wesley Korir alisoma biolojia Louisville, akashinda Boston Marathon mwaka 2012, na mwaka uliofuata watu wa Cherangany wakamchagua kuwa mbunge. Watu hawa hawakupewa kitu mkononi.

Wengine husema Mkenya amezaliwa na mbio, kwake si kazi. Doris Lemngole wa Chuo Kikuu cha Alabama alipokimbia mita 3,000 kuruka viunzi na maji kwa dakika 8:58.15 Juni 2025, mwanafunzi wa kwanza wa kike katika vyuo vya Marekani kushuka chini ya dakika tisa, wapo waliosema ni damu. Damu haiamki alfajiri kwenye baridi. Nisiongeze hapo.

Sasa lile la kwamba kila kitu ni bure. Hadi mwaka 2025, chuo cha Daraja la Kwanza kiliruhusiwa skolashipu 12.6 kwa wanaume wote wa riadha na mbio za nyika, na 18 kwa wanawake. Hizo ziligawanywa kwa wakimbiaji, warukaji na warushaji wote, kwa hiyo wengi walipata nusu au robo, na salio likatafutwa nyumbani. Vyuo vilivyoingia katika mfumo mpya wa kuwalipa wanamichezo havina tena kikomo hicho, lakini havilazimishwi kuongeza hata senti. Daraja la Tatu halitoi skolashipu ya michezo kabisa. Skolashipu yenyewe inaweza kuwa ya mwaka mmoja mmoja. Ligi kubwa zilizuia mwaka 2015 kuikatisha kwa sababu za uwanjani, na Daraja la Kwanza lote likafuata mwaka 2024, ila si kila Mkenya yuko Daraja la Kwanza. Na kuna jambo ambalo wazazi wengi hulisikia mtoto akiwa ameshafika: ufadhili wa chumba na chakula huhesabiwa kuwa kipato, na mwanafunzi wa kigeni mwenye viza ya F-1 kwa kawaida hukatwa kodi ya asilimia 14 juu yake. Mtoto anayekula “bure” anapelekewa bili.

“Lakini siku hizi wanalipwa.” Wamarekani, ndiyo. Tangu Julai 2021 mwanamichezo wa chuo anaweza kuuza jina na sura yake, na tangu Julai 2025 chuo kinaweza kuwagawia wanamichezo wake fedha, kikomo kikiwa takriban dola milioni 20.5 kwa mwaka ule wa kwanza. Sehemu kubwa ya fedha hizo huenda kwa futiboli ya Kimarekani na mpira wa kikapu wa wanaume. Mwenye F-1 haruhusiwi kufanya kazi nje ya chuo bila kibali, na ndani ya chuo mwisho wake ni saa 20 kwa wiki wakati wa muhula. Akipiga picha za tangazo la viatu akiwa Marekani, anacheza na viza. Kwa hiyo dola unazozingoja, mara nyingi, ni za kupanga vitabu maktabani katika saa ambazo angelala.

Ndiyo maana lile dai la mwisho, kwamba wamesahau nyumbani, linanichoma. Kijana wako akitoka kujisomea saa tatu usiku kule Alabama, nyumbani Iten ni alfajiri ya siku inayofuata. Anaogopa kukuamsha. Akipiga mchana, yuko katikati ya darasa na mazoezi, na simu inaanza na karo ya mdogo wake kabla hajaulizwa amelalaje.

Kwa mzazi ambaye mtoto wake ameletewa karatasi za kusaini, yapo ya kumwuliza kocha mapema, na ajibu kwa maandishi. Skolashipu ni ya miaka mingapi, na ni kamili au ni sehemu? Inagharamia kiangazi, chuo kikifungwa na mtoto hana pa kulala? Akivunjika mguu mwaka wa kwanza, nani analipia matibabu, na mwaka wa pili atakuwa bado na nafasi? Kozi anayoitaka ina saa za maabara zinazogongana na mazoezi? Na ile kodi ya chumba na chakula, nani ataibeba?